Bakuli la Maji ya Kusuuzia

Pua alikuwa hanywi chai kabla hajainusa. Kila asubuhi alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakisogeza mpaka mvuke ukamlowesha masharubu, akafumba macho na kuvuta pumzi ndefu. "Ahaa," alisema, kama mtu aliyeletewa habari njema, ndipo akapiga funda la kwanza. Mkate nao aliunusa. Shati lililotoka kuanuliwa alilinusa kwapani kabla ya kulivaa, na hata msumari uliookotwa njiani aliupitisha puani kabla ya kuutia mfukoni. Ndiyo maana watu walimwita Pua, na jina alilopewa na mama yake likabaki kwa watu wa hospitali.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba hiyo "ahaa" ilikuwa ya uongo. Muda mrefu sasa kikombe kilikuwa hakimwambii kitu. Chai, sabuni, mvua ya kwanza juu ya vumbi, soksi zake mwenyewe, vyote vilikuwa sawasawa, kama kunusa ukuta.

Alikuwa fundi wa bomba la kupulizia dawa mashambani. Si lile dogo la kubeba mgongoni, bali lile kubwa linalofungwa nyuma ya trekta na kukokotwa. Lilikuwa na tangi la plastiki lenye tumbo pana, limekaa juu ya magurudumu mawili, na mbele yake pampu inayozungushwa na shafti kutoka kwenye trekta. Pembeni ilikunjwa mikono miwili mirefu ya chuma. Likifika shambani mikono ile ilikunjuliwa, mmoja huku na mmoja kule, nozeli za kurushia dawa zikining'inia chini yake kwa mstari. Kwa ajili ya mikono hiyo watu walilipa jina la Korongo. Lilikuwa mali ya kikundi cha wakulima, na kikundi ndicho kilichomwajiri Pua alilee.

Na kulea alilea kweli. Kabla ya jua kukolea alikuwa ameshatia grisi kwenye viungo vya shafti na kukagua kifuniko chake, maana shafti inayozunguka ikinasa mkono wa shati haijui kusamehe. Alipima upepo wa magurudumu yote mawili, kwa sababu moja likilegea, mkono wa upande huo unainama na kuunguza mimea, na wa upande wa pili unainuka na kupulizia mawingu. Nozeli alizisafisha kwa mswaki laini. Ole wako akukute unaizibua kwa sindano!

"Hilo tundu lina kipimo chake," angesema. "Ukilipanua linakuwa mdomo wa mlevi. Linatema hovyo, halichagui mtu."

Aliwakataza vijana wa karakana kuipuliza nozeli kwa mdomo. Yeye mwenyewe ujanani alizipuliza sana, hana glavu, hana barakoa, kitambaa kimefungwa shingoni kwa urembo tu. Siku hizo dawa ilikuwa ikimwingia puani kama ugoro, naye akijiona mwanamume.

Lakini kazi iliyompa heshima ilikuwa ya kuosha. Korongo alikuwa mmoja na dawa zilikuwa nyingi, zote zikipita katika tumbo hilohilo. Leo ingepita dawa ya kuua magugu kwenye mahindi, kesho dawa ya kuua wadudu kwenye maharage. Ile ya magugu haina ugomvi na mahindi wala nyasi, ila mmea wa majani mapana ukiionja tu, unajikunja na kufa. Na ni dawa yenye hila. Hujibanza ndani ya mipira, kwenye nyavu za chujio, kwenye ncha za mikono, ikatulia. Maji matupu huweza kupita juu yake yakatoka meupe pe. Ikitiwa dawa nyingine ndani, ndipo hutoka mafichoni na kwenda nayo shambani.

Kwa hiyo tangi lilisuuzwa, likasuuzwa tena, chujio zikafunguliwa, maji yakasukumwa mpaka nozeli ya mwisho kabisa kule kwenye ncha. Maji ya mwisho yalikingwa kwenye bakuli jeupe, naye Pua akaletewa anuse. Akisema "Bado," kazi ilianza upya, hata kama watu wana njaa. Akisema "Safi," dawa mpya ilitiwa. Hakuna mwingine aliyeingiza pua yake mle. Haikukatazwa na mtu. Ilikuwa tu kama kuonja mchuzi baada ya mpishi kusema umekolea, ungekuwa umemtukana. Na Pua hakuwahi kukosea. Enzi zake aliweza kunusa bakuli akakutajia dawa iliyotangulia, na shamba ilikotoka.

Sasa, harufu zilipoanza kumtoroka, hazikuaga. Kwanza ilitoweka ya sabuni, akasema ni mafua. Ikafuata ya vumbi la mvua, akasema mvua za siku hizi hazina harufu. Alipogundua kwamba hasikii hata dawa, alikaa kwenye ndoo nyuma ya karakana, mikono magotini, mpaka watu wakamtafuta. Angesema nini? Fundi wa macho akipofuka watu huona. Fundi wa pua akipofuka pua, bado ana pua. Basi akaanza kunusa kwa macho. Alitazama povu, alitazama rangi, alitazama kama inzi wanatua ukingoni mwa bakuli. Akiwa na shaka alisema "Bado," na vijana wakasifu ukali wake. Mungu akamsitiri kwa muda.

Alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, mdogo wake wa kike. Mama yao alipofariki, Pua alikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, na yule kitinda mimba alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Akamlea peke yake. Alimwogesha, alimpikia uji wenye mabonge, alimsuka nywele siku moja mpaka mwalimu akauliza kama mtoto amepigwa na radi. Alimwita Kitinda, na hata alipokua na kuolewa hakumwita jina lingine. Mtoto akitoka shule, kaka yake alikuwa akimnusa utosi. "Umepita kwa muuza samaki." Kweli. "Umepanda mti." Kweli. Homa nayo aliijua hapohapo utosini, kabla mwili haujapata moto, na Kitinda akakua akiamini kwamba kaka yake hafichwi kitu chini ya jua.

Wanawake hawakumkosa Pua, ila kila aliyekuja alikuta kuna mtoto wa kulea. Na mtoto alipoolewa, Pua alikuta masharubu yameshaingia mvi. Watu walisema ameoa Korongo. "Basi angalau huyu haniulizi nilikuwa wapi," alijibu.

Ndoa ya Kitinda haikumweka. Alirudi mchana kweupe na begi moja na ndoo ya vyombo, uso umemvimba kwa kulia, akasimama mlangoni kama mgeni. Pua hakuuliza kitu. Aliinua ile ndoo.

"Chumba chako nilikigeuza ghala la vitunguu," alisema. "Utavumilia harufu."

"Kaka, nyumba nzima inanuka vitunguu!" Kitinda alicheka huku machozi yanatiririka. Pua naye akacheka. Alikuwa amekisia tu.

Kikundi kilikuwa na utaratibu wake. Mwanachama mpya alipewa kipande cha shamba kwa msimu mmoja. Akivuna vizuri, kipande kilikuwa chake miaka yote atakayotaka kulima. Akishindwa, alipewa mwingine, na waliosubiri walikuwa wengi. Kitinda akapewa kipande kando ya njia, akapanda maharage. Alipalilia mpaka vidole vikapasuka. Kisha akaokota ubao, akaandika kwa mkaa, akausimika pembeni: HAPA NI KWANGU.

"Mbona hujaandika jina?" Pua alimuuliza.

"Jina la nini? Kule nilikotoka jina nilikuwa nalo. Kwangu ndiko sikuwa nako."

Maharage yakaitika. Yalisimama mabichi, yakafunga maua, na watu wanaopita njiani wakapunguza mwendo. Kisha vidukari weusi wakaja, wakajaa kwenye vikonyo kama masizi. Kitinda akamfuata kaka yake karakana, anahema.

"Kaka, wananila!"

"Kesho asubuhi Korongo ni wako," Pua alimwambia.

Kesho yake Korongo alitolewa aoshwe, maana jana yake alipiga dawa ya magugu kwenye mahindi. Dereva wa trekta alikuwa kijana waliyemwita Honi, kwa sababu hakupita mahali bila kupiga kelele, akiwa na trekta au bila trekta. Yeye ndiye aliyesuuza tangi, Pua akisimamia, na Kitinda amesimama kando na kanga imefungwa kiunoni, macho hayatoki kwenye ile mikono ya chuma.

"Mzee, nifungue na chujio?" Honi aliuliza.

Pua alitazama miti. Majani yalikuwa bado yametulia, lakini si kwa muda mrefu. Upepo ukiamka, dawa hupeperuka kwenda kwa jirani na vidukari hubaki wanacheka. Chujio zilitaka nusu saa na zaidi. Na mdogo wake alikuwa amesimama pale, akingoja kama mtoto anayengoja zamu yake ya kubembea.

"Lete bakuli kwanza."

Honi akakinga maji kwenye nozeli ya mwisho, akaleta. Pua akalishika bakuli, akafumba macho, akavuta. Hakukuwa na kitu. Akafumbua macho, akatazama. Maji yalikuwa maangavu kama machozi.

"Mzee," Honi alisema, mara hii kwa sauti ndogo isiyo yake, "mbona mimi nasikia kama bado inanuka?"

Fundi wa magurudumu aliyekuwa chini ya trekta alitoa kichwa. Pua alihisi damu ikimpanda shingoni. Kitinda alikuwa anatazama. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu, kumpa lile bakuli na kusema, "Hebu nusa na wewe." Neno hilo lilifika mpaka kwenye ulimi, likakaa hapo.

"Pua yako bado inanyonya, mwanangu," alisema. "Ikiota meno nitakuita."

Karakana nzima ikaangua kicheko. Kitinda ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akashika magurudumu asianguke. Honi mwenyewe akacheka, akakuna kichwa.

"Safi," akasema Pua, na yale maji akayamwaga chini.

Kazi ya asubuhi ile ilikuwa nzuri kutazama. Honi aliendesha taratibu, mwendo mmoja, bila kuruka wala kusita. Pua alitembea nyuma kwa mbali, jicho kwenye geji ya pampu, jicho kwenye nozeli, kila moja ikifungua kipepeo chake cha ukungu sawa na mwenzake. Waliingia kwa upande wa njia, penye ule ubao, wakaenda na kurudi mpaka mwisho wa shamba. Upepo ulipoamka walikuwa wameshamaliza. Kitinda alipiga vigelegele peke yake katikati ya njia.

Vidukari walikufa. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini baada ya siku chache Kitinda aliingia ndani kabla ya chai, miguu ina umande, akasema, "Kaka, njoo uone. Yanajinyonga."

Pua alifika akasimama penye ubao. Mashina yalikuwa yamejipinda kama nguo inayokamuliwa. Majani yalikuwa yamejikunja kuwa vikombe vidogo, maua yamedondoka. Katikati ya mistari, nyasi zilikuwa zimesimama mabichi, hazina habari. Pua akatembea mpaka mwisho wa shamba, polepole. Pale walipoingilia, maharage yalikuwa yamelala kabisa. Kadiri alivyokwenda ndivyo yalivyopata nafuu kidogo, na kule mwisho yalikuwa yamenyong'onyea tu. Kisa chote kilikuwa wazi. Uchafu ulitoka kwa wingi mwanzoni, ukapungua kadiri tangi lilivyoosha mipira yake kwenye shamba la mdogo wake.

Alijua. Hakuna aliyemwambia, alijua.

"Ni nini, Kaka?" Kitinda alimuuliza kutoka kule njiani. "Ni ugonjwa? Yatapona?"

"Tungoje," Pua alisema.

Hayakupona. Mwenyekiti wa kikundi alikuja kuyatazama, mama mwenye sauti ndogo ambayo hakuwahi kuhitaji kuipandisha. Na watu kadhaa walikuja, na Honi akaitwa. Mwenyekiti aliokota shina moja, akaligeuza.

"Hii ni dawa ya magugu," alisema. "Aliyeosha tangi ni nani?"

"Mimi," Honi alisema. "Lakini mama, mimi nilisema bado inanuka. Wote walisikia. Nikaambiwa pua yangu inanyonya."

"Unamsingizia nani?" Kitinda alimrukia. "Wewe? Wewe unaosha tangi kama unavyoosha uso, mbele tu! Kaka yangu aliijua homa yangu kabla mimi mwenyewe sijaijua. Kaka yangu akisema safi, ni safi! Umepimia dawa yangu kwa kopo la dawa ya magugu, sema kweli!"

"Dada, wallahi sikufanya..."

"Usiniite dada! Ulikuwa na haraka ya kwenda kupiga kelele zako. Tazama! Tazama ulivyonifanya!"

Honi akageuka kumtazama Pua. Alimtazama tu kama mtu aliyeshika ukuta usiku akingoja mwenye nyumba awashe taa.

"Mzee," Mwenyekiti akauliza, "bakuli ulilinusa?"

"Nilisema safi," Pua akajibu.

Yalikuwa maneno ya kweli, yote mawili. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. Kama bakuli lilikuwa safi, basi kosa lilikuja baadaye, kwenye kuchanganya. Akanyoosha mkono, Honi akatoa funguo za trekta mfukoni, akazitia kwenye kiganja chake. Kijana yule akaondoka kwa miguu kando ya njia, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakutoa sauti yoyote.

Kutoka siku hiyo Pua alipungua mwili. Chakula kilimshinda, na kazi aliifanya kama mtu anayechimba kaburi. Kitinda alidhani anamhurumia yeye. "Usijiumize, Kaka," alikuwa akimwambia. "Mimi nawe tumelala njaa zaidi ya hii." Kila alipomtetea mbele za watu, na alimtetea kisimani, dukani, kila mahali, Pua alikuwa anasikia kama mtu anamkaza kamba.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio cha Pua kilikuja mchana wa kawaida kabisa. Kitinda alikuwa ameteleka wali, akaupalia makaa juu, akaenda uani kuanua nguo na kuongea na jirani. Pua alikaa kwenye kigoda jikoni, sufuria iko nyuma yake kwa hatua moja, anasugua chujio kwa mswaki. Sasa alikuwa anazisugua kila siku, hata zikiwa safi. Alisugua, mawazo yako mbali.

"Kaka!" Kitinda aliingia mbio, kanga puani. "Kaka, wali!"

"Wali umefanya nini?"

Kitinda aliipua sufuria kwa pindo la nguo, akafunua. Chini kulikuwa kumegeuka mkaa. Alichuchumaa, sufuria mbele yake, akamtazama kaka yake. Jirani alikuwa ameisikia harufu akiwa upande wa pili wa ukuta. Yeye ndiye aliyesema, "Shoga, kwako kunaungua."

"Kaka," Kitinda alisema polepole. "Fumba macho."

"Ya nini?"

"Fumba tu."

Pua akafumba. Alisikia mdogo wake akisimama, akifungua kitu, akirudi. Kitu kikaletwa karibu na uso wake.

"Hii ni nini?"

Alivuta pumzi. Alivuta tena. Ndani ya giza la macho yake alitafuta kila kona. "Sabuni," akasema.

Alipofumbua macho, Kitinda alikuwa ameshika kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa. Kilikuwa kinadondoka sakafuni.

Kuku aliingia, akadonoa wali uliomwagika, akatoka.

"Tangu lini?"

"Zamani. Kabla hujarudi."

"Na maji ya shamba langu, uliyanusa?"

"Nililiweka bakuli puani."

"Sikukuuliza uliliweka wapi."

Pua akainamisha kichwa. "Sikusikia kitu, Kitinda."

"Na Honi alisikia."

"Alisikia."

"Na mimi nikamtukana mbele za watu." Sauti yake ilikuwa haina hasira, na hilo ndilo lililomtisha Pua. Alitamani arushe sufuria, apige kelele, amwite muuaji. Kitinda alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, akaunyoosha mguu mmoja kama mtoto aliyechoka. Akamtazama kaka yake kwa macho yaliyojaa.

"Nilikuwa nimesimama palepale," alisema. "Karibu nawe hivi. Si ungeniambia tu, Kaka? Ningekunusia."

Asubuhi iliyofuata Pua alikwenda kwa Mwenyekiti, akasimama barazani na kofia mkononi, akasema yote. Akaenda kwa akina Honi, akayasema tena mbele ya mama yake kijana. Honi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kunicheka sikukasirika," alisema. "Hata mimi nilicheka. Lakini nilikutazama pale shambani, mzee. Nilikutazama, na ulikuwa unaniona."

"Nilikuona," Pua alisema.

Honi akarudishiwa trekta. Mwenyekiti hakumfukuza Pua. Alimwambia abaki na Korongo wake kama zamani, ila bakuli litanuswa na wengine, na chujio zitafunguliwa kila mara, upepo uwepo usiwepo. Kuhusu kipande cha shamba alisema utaratibu ni utaratibu. Akivunja kwa mmoja, kesho watakuja kumi. Mwanachama mwingine alipokuja kukipima kwa miguu, Kitinda aliung'oa ubao wake mwenyewe, akafuta maandishi kwa kanga iliyoloa, akampa. "Utakufaa," alisema.

Watu walidhani basi, yameisha. Hakuna aliyemnyooshea Pua kidole. Walimpa pole, kama mtu aliyevunjika mguu. Na nyumbani Kitinda hakuzungumza tena habari ya maharage. Alirudi kupika, kufua, hata mara nyingine kutania.

Ila alianza kunusa.

Alinusa maji ya kunywa kabla ya kumpa kaka yake. Alinusa maziwa. Aliinua sahani ya Pua mpaka puani, akaiteremsha, akamsogezea. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kaka yake akavuta hewa kama mtu anayetafuta moto. Kitu chochote kilichopita mikononi mwa Pua, kikombe alichokiosha, mboga alizozileta, alikinusa kwanza, halafu akakipokea. Alifanya kwa upole, bila neno, na kila mara Pua alijiuliza: ananionea huruma, au haniamini? Angemuuliza, angejibu ni huruma. Na labda lingekuwa jibu la kweli. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akimnusa utosi mtoto huyu akitoka shule. Sasa alikaa mezani mikono magotini, akingoja aambiwe kama chakula chake kinafaa.

Karakana nako alijitahidi. Bakuli lilikingwa, likapita mbele yake, likaenda kwa Honi. Honi alinusa, akamtazama kwa adabu, akasema, "Bado, mzee," kana kwamba anaomba ruhusa. Pua akashika spana, akafungua chujio. Mikono yake ilikuwa haijasahau kitu. Vijana walimwachia nafasi, wakampokea vyombo, wakamsifu kwa kila kitu kidogo. Wanavyosifiwa watoto, na wazee vilevile.

Siku hiyo ya mwisho ilikuwa asubuhi yenye jua zuri. Kitinda alianua shati la kaka yake, akalinusa chini ya mikono, pande zote mbili, akakunja uso kidogo.

"Hili bado," alisema. "Vaa lile la buluu."

Pua alilipokea lile la buluu, akalivaa. Vifungo vilimchukua muda. Kitinda alimsaidia cha shingoni, akamfuta kitu begani ambacho labda hakikuwepo.

"Unakwenda karakana?"

"Natembea kidogo."

"Mchana utarudi kula?"

Alikuwa ameshageuka kuchochea moto, kwa hiyo hakuuona uso wake. Pua alimtazama kisogoni, mahali alipomsuka vibaya zamani, nywele sasa zina vumbi la makaa. Alisogea kama anayetaka kuinama. Akasimama hapo.

"Nifunikie," alisema.

Alitoka. Alipita kisimani akaitikia salamu za watu. Alipita karakana, lango liko wazi, Korongo amekunja mikono yake juani na maji yanamtoka. Honi alimpigia honi mara mbili kutoka juu ya trekta, Pua akapunga mkono bila kusimama. Barabara ilianza kupanda, akapanda nayo, mikono nyuma, mwendo wa mtu asiye na haraka.

Kitinda alifunika sahani. Alikuja kuifunua jioni, akainusa, akaifunika tena. Kaka yake hakurudi tena.